Mwaka Tuliouza Crème kwa Jina la Wengine

Tulimzika Ya Odile siku ya Alhamisi. Jumamosi lupango lake, kiwanja chake cha mtaa wa Kamalondo hapa Lubumbashi, lilikuwa bado limejaa watu wa kilio, wanawake kwenye mikeka kando ya ukuta, wanaume kwenye viti vya kukodi chini ya turubai la buluu, na mimi nilikuwa nimekaa kati ya wanawake nikishika kikombe cha chai ambacho sikuwa nakinywa. Nyuma yangu walikuwa wawili wasionijua. "Njo huyu mama alikuwaka na duka ya crème kule ville?" aliuliza mmoja. Mwenzake akajibu: "Njo yeye. Feza yote ya bwana yake iliishia mule." "Ee! Juu ya nini?" "Kiburi tu. Alitaka kuishi sawa bazungu." Ningeweza kugeuka nikawaambia. Sikugeuka. Niliendelea kushika kikombe mpaka kikapoa, nikamsikiliza yule mama akieleza maisha ya Ya Odile kwa sentensi chache, na sababu aliyoitoa si ya kweli. Duka lile la aiskrimu halikuwa kiburi. Nimejua hivyo kwa miaka kumi na minane, na nimejua pia ni kitu gani mimi nilichokitia katika habari ile, na nimekisema mbele ya mtu mmoja tu. Ninakiandika sasa kwa sababu aliyestahili kukisikia kwanza amekwisha kukisikia, na wengine wote wanaweza kukisoma wapendavyo.

Nilimwita Ya, au yaya, yaani dada mkubwa, lakini Ya Odile hakuwa dada yangu wa damu. Nilikuwa mpangaji wake. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimerudi kutoka Ndola, upande wa pili wa mpaka, ambako nilisomea kazi za hoteli kwa miaka miwili na kujifunza Kiingereza, na nilikuwa natafuta kazi ambayo haikuwepo. Alinipa chumba cha nyuma kwa bei ndogo, chumba chenye dirisha moja lililotazama mbabula yake, jiko la makaa, na kamba yake ya nguo, hivi kwamba kila asubuhi niliamka kwa harufu ya makaa yakiwashwa na kwa sauti ya cherehani. Alikuwa mshonaji. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani ya kukanyaga kwa miguu karibu na mlango ili apate mwanga, meza ya kukatia vitambaa, magauni matatu au manne yakining'inia ukutani yakisubiri wenyewe waje na salio. Alikula akiwa amesimama, sahani juu ya meza ya kukatia, ugali wa bukari kidogo na mboga ya lengalenga na dagaa wa kapenta, jicho moja likitazama pindo. Mimi alinilazimisha kukaa. "Weye kaa, mudogo. Mwili yako ingali inakomea," alisema, ingawa nilikuwa nimeacha kukomaa zamani.

Mume wake, Florent, alikuwa dereva wa lori la madini. Alikufa mwaka mmoja kabla sijafika, lori likipinduka kwenye barabara ya Kilwa ya huku kwetu wakati wa mvua. Hawakujaliwa mtoto. Mwajiri alilipa décompte, ile feza ya mwisho ambayo mfanyakazi au mjane wake hupewa, na Ya Odile akaiweka benki bila kugusa hata kidogo. Kila mwisho wa mwezi ndugu za Florent walikuja kutoka Lukafu, wanaume wawili na dada yao. Walikaa, walikula, waliulizia afya yake, walizungumzia mahindi na bei ya mbolea, kisha waliondoka bila kutaja walichokijia. Mimi nilikuwa nasikia yote kutoka chumba cha nyuma, maana ukuta ulikuwa wa tofali moja. Siku moja, walipokwisha kuondoka, Ya Odile alikuja akasimama mlangoni kwangu akiwa bado ameshika sahani zao. "Unayua yenye banataka?" aliniuliza. "Banataka tugawe. Bako banasema mwanamuke bila mutoto eko mugeni mu famille. Feza, ukiiacha vile, muntu anaweza kuigawa. Miye natafuta kintu yenye haigawanyike."

Kitu hicho alikuwa tayari amekiona. Florent aliwahi kumpeleka Ndola kununua vitenge, na kabla ya kurudi walipumzika katika duka la aiskrimu, sisi tunaita crème, lenye viti vya rangi ya waridi na msichana mwenye kofia nyuma ya kaunta. Alinisimulia mara nyingi. Ladha hakuikumbuka sana. Alichokumbuka ni kwamba walikaa saa nzima na kikombe kimoja wakala kwa vijiko viwili, na hakuna mtu aliyewafukuza. "Hapa kwetu, fasi ya kukaa iko ya kunywa pombe," alisema. "Mwanamuke na bwana yake banaweza kukaa wapi, na batoto yabo, bila chupa ya pombe mbele?" Mteja wake mmoja aliyefanya kazi hotelini akamwambia kwamba kampuni ile ile ya duka la Ndola ilikuwa inatafuta mtu wa kufungua Lubumbashi, na kwamba mjumbe wao angefika mwezi huo. Mteja alikuwa amekuja kuchukua gauni la ubatizo. Nilikuwepo. Nilimwona Ya Odile akiacha kukanyaga cherehani.

Mjumbe aliitwa Monsieur Hubert. Tulimkuta katika ukumbi wa hoteli, mtu mwembamba, mpole, aliyezungumza Kifaransa kizuri na Kiswahili cha kutosha, na aliyetuagizia maji bila kutuuliza kama tunataka kitu kingine. Alifungua kitabu cha picha. Maduka yote yalikuwa sawa, ukiondoa mitaa iliyoonekana nje ya vioo. Alieleza bila kuficha kitu ambacho alijua tungekiuliza: kuna ada ya kuingia, kwa ajili ya jina, mashine inanunuliwa kwao, viti, kaunta, kibao, vikombe na kofia vinanunuliwa kwao, mchanganyiko wa maziwa unatoka kwao kwa lori la baridi, na kila mwezi kampuni inachukua sehemu yake ya kile kinachouzwa. Ya Odile akauliza: "Ya kile kinauzwa, ao ya kile kinabakia?" Monsieur Hubert akatabasamu, akamtazama kwa heshima mpya. "Ya kile kinauzwa, Mama." Ya Odile akatikisa kichwa taratibu kama anayepima kitambaa kwa jicho. Kisha mjumbe akanigeukia na kuniuliza, kwa Kiingereza, nimesoma wapi. Nilipomjibu alisema duka litahitaji gérante, msimamizi anayejua Kiingereza, na kwamba kampuni humpeleka msimamizi wiki sita kusini, kwenye makao yake, kufundishwa, kwa gharama ya kampuni yenyewe. Alisema vile kama jambo dogo. Nilirudi Kamalondo siku ile sihisi ardhi.

Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa zaidi ya sitini. Monsieur Hubert alitupa pia muhtasari wa Kifaransa, kurasa mbili, lakini Ya Odile aliuweka pembeni. "Hii iko ya kuvutia bateja," alisema. "Weye nisomee ile munene." Nikausoma. Wiki nzima niliketi chumbani na kamusi, nikiandika tafsiri katika daftari la shule, na kila alasiri nilimsomea Ya Odile alipokuwa akishona vifungo, kazi isiyo na kelele. Aliuliza maswali ambayo hata leo, baada ya kusoma mamia ya mikataba, nayaona kuwa maswali sahihi. Mashine ikiharibika nani anatengeneza? Lori likichelewa nani anabeba hasara? Bei ya mchanganyiko inaweza kupanda bila sisi kukubali? Mara nyingi jibu halikuwa zuri, nami nilimwambia hivyo, naye aliendelea kushona.

Kabla sijamaliza alimwita Papa Sylvain, fundi wa frigo, wa majokofu. Papa Sylvain alikuwa mzee wa familia ya reli, amezaliwa Kamalondo, amezika wake wawili Kamalondo, na hapakuwa na frigo katika mtaa ambalo mikono yake haikuligusa. Alikaa kwenye kiti changu, akakataa chakula, akasoma karatasi ya mashine huku akiisogeza mbali na macho. "Mama Odile, hii mashine inakunywa courant ya umeme sawa lori inakunywa mazuti," alisema. "Na courant ya huku unaiyua. Kila délestage, courant ikikatika, utawasha groupe, ile jenereta. Na maziwa yenye ilisha kupata moto, hauwezi kuirudisha mu baridi, itauwa batoto ya bantu. Utaitupa. Kila mara utaitupa." Akaiweka karatasi mezani. "Na mwezi ya sita? Mwezi ya saba? Asubuhi bantu banavaa makoti. Nani atakula crème?" Kisha akasema jambo ambalo hatukutegemea. Alisema angemtengenezea mashine ndogo, ya zamani lakini nzima, ya kuweka hapa hapa mbele ya lupango. Maziwa ya unga, sukari, vanila. Siku umeme ukikatika, anafunga na kushona. "Jina iko ya nini? Andika Chez Odile, njo kusema kwa Odile. Batakuya tu."

Ya Odile alimsindikiza mpaka barabarani. Aliporudi alikaa, jambo ambalo hakulifanya mchana. "Papa Sylvain anasema kweli," alisema. "Lakini haelewe. Nikiandika Chez Odile, bashemeki batasema: Odile ni wa Florent, Florent ni wetu, basi duka iko yetu. Bataleta mutoto yabo akae ku caisse ya feza. Bataleta muke ya mutoto yabo. Nikiandika jina ya bale bantu ya kusini, nani atasema nini? Nitasema: miye niko mutumishi tu, kila kintu iko ya kampuni, angalia karatasi." Alilipia jina kama mtu anavyolipia ukuta. Wale wanawake wawili kwenye kilio hawakulijua hilo, na siwalaumu.

Sasa nifike pale. Ilikuwa Jumapili baada ya misa, mvua imenyesha, tumekula sombe, majani ya muhogo, na samaki, na zilikuwa zimebaki kurasa chache. Asubuhi ile, kabla ya kanisa, nilikuwa nimeisoma peke yangu sehemu ya siku hiyo, na kulikuwa na kifungu kimoja nilichokirudia mara tatu. Kilisema kwamba kila robo ya mwaka duka lazima linunue kwa kampuni mchanganyiko usiopungua kiasi kilichoandikwa mwishoni. Kwamba likishindwa robo mbili mfululizo, kampuni inaweza kuondoa kibao na kuchukua mashine kwa bei itakayoipanga yenyewe. Na kwamba ada ya kuingia hairudi kwa hali yoyote. Nilielewa. Nataka hilo liwe wazi: Kiingereza changu kilikuwa kinatosha. Nilifungua ukurasa wenye kiasi chenyewe nikakitazama, nikafikiria makoti ya mwezi wa sita. Kisha nikafikiria wiki sita za kusini, kofia, mshahara, mama yangu akisikia kwamba mimi ni gérante. Mchana, nilipofika kwenye kifungu kile mbele ya Ya Odile, nilikisoma haraka, kwa sauti ile ile ya vifungu visivyo na maana, na mahali pa neno lile la lazima nikatia neno jingine. Yeye akainua uso. "Na hii yenye kununua kila miezi tatu?" "Ni objectif, yaya," nilisema. "Lengo tu, ya kutupa moyo. Banaandikiaka bote vile." Alinitazama kitambo. Akakata uzi kwa meno. "Endelea," alisema. Nikaendelea.

Alitia sahihi kabla ya mwezi kwisha. Feza ilianza kutoka, na ilivyotoka sikuwahi kuona. Ya Odile alitaka duka liwe Kamalondo, karibu na soko, akampigia mjumbe picha za nyumba ya kona aliyoipata. Jibu likaja kwamba mtaa haufai kwa sura ya kampuni. Aliniomba nilisome jibu hilo mara mbili, na hilo nililisoma sawasawa. "Mutaa haifai," alirudia. Akavaa viatu akaenda kutafuta ville, katikati ya mji. Tulipata chumba chenye vioo kati ya duka la dawa na duka la simu, mwenye nyumba akataka garantie, amana ya miezi sita, na kodi ya miezi mitatu juu yake. Halafu ushuru wa mashine. Halafu groupe, kubwa kuliko tuliyopanga, kwa sababu Papa Sylvain aliapa ile ndogo ingeunguza mota. Halafu tangi la maji. Halafu watu wenye mikoba, leo wa afya, kesho wa mazingira, keshokutwa wa kibao, kwa kuwa kibao kinachotazama barabara kina kodi yake, na kila mmoja alikuwa na karatasi na muhuri na aliongea kwa adabu. Nilipokuwa kusini nikijifunza kupanga vikombe na kutabasamu, Ya Odile alikuwa peke yake na watu hao, na bado alishona usiku na asubuhi ili tule.

Tulifungua mwezi wa tisa, jacaranda zikiwa zimeanza kuchanua na joto limekaza. Sitasema kwamba mwaka wote ulikuwa mbaya. Jumapili ya kwanza watu walitoka misa wakaja na nguo zao za misa, foleni ikavuka duka la dawa. Baba mmoja aliingia na watoto watano, akanunua vikombe viwili, akawapanga kwa umri kama wanaokwenda kupiga picha, kila mmoja kijiko kimoja kwa zamu, mpaka Ya Odile akatoka nyuma ya kaunta akawaongezea kikombe cha tatu. Bibi mmoja wa Kamalondo aliyekuja kwa ajili ya Ya Odile tu alionja, akashika shavu, akaomba kama tunaweza kuipasha moto kidogo. Tulicheka mpaka machozi. Siku hiyo watu walikaa kwenye viti vya waridi muda wote waliotaka. Ya Odile alisimama karibu na mashine, mikono nyuma, akiwatazama wanavyokaa, na sijamwona tena na uso ule.

Mwezi wa kumi ulikwenda. Mwezi wa kumi na moja mvua zikaanza, umeme ukaanza kukatika, kwanza saa moja, kisha mchana mzima. Groupe ilinguruma nyuma ya duka hivi kwamba wateja walizungumza kwa kupaza sauti, na mazuti ya siku moja yalikula mauzo ya siku ile na nusu ya siku ya kesho. Mara mbili tulitupa maziwa. Kanuni niliyofundishwa ilikuwa kwamba msimamizi aimwage mwenyewe na kutia sahihi, nami niliimwaga kwenye mfereji wa nyuma, nyeupe, nene, ikienda polepole, na mama wa duka la simu akasimama akitazama. "Mungelipatia hata batoto," alisema. Niliendelea kumwaga. Baada ya Noeli lori la baridi lilikwama mpakani siku tisa kwenye foleni ya malori, likafika na mzigo ambao Papa Sylvain aliuonja kwa ncha ya ulimi akautema. Mkataba ulisema hasara iliyotokea baada ya mpaka wa kwao ni yetu. Hiyo nilikuwa nimeisoma vizuri, naye alikumbuka.

Kila robo kampuni ilituma karatasi yenye kiasi tulichonunua na kiasi kilichotakiwa. Ziliandikwa kwa jina langu, kwa kuwa mimi ndiye gérante. Ya kwanza, ya mwezi wa tisa, tulipita kwa mzigo wa ufunguzi. Ya pili tulikaribia, Monsieur Hubert akanipigia simu kusema wataihesabu kuwa tumepita. Ya tatu hatukukaribia. Niliikunja nikaiweka chini ya sanduku la vijiko. Nilijiambia joto litarudi. Lakini kilichokuja ni baridi, na robo ya nne, iliyoishia mwezi wa sita, tulishindwa zaidi. Mwezi wa sita asubuhi madirisha yalikuwa na ukungu, watu walipita wameficha mikono, na mimi na Ya Odile tulikaa katika duka zuri kuliko yote ya barabara ile tukiwa tumevaa sweta juu ya sare, tukinywa chai kwenye vikombe vya karatasi vya kampuni. Siku moja aliuza vikombe vinne. Alianza kuleta kazi ya kushona kwa mkono, akiificha chini ya kaunta mteja akiingia. "Objectif yabo iko ngapi sasa?" aliniuliza mara moja, bila kuinua macho. Nikasema tuko nyuma kidogo.

Barua ilifika mwanzoni mwa mwezi wa saba, saa nne asubuhi, kwa mkono wa mtu wa kuleta vifurushi aliyetaka sahihi ya mwenye duka na si ya msimamizi. Kwa hiyo Ya Odile ndiye aliyeifungua. Ilikuwa ukurasa mmoja. Alinipa. "Soma." Nikasoma kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na hapakuwa na mahali pa kuipitisha haraka: robo mbili mfululizo, kiasi cha lazima, kifungu fulani, siku thelathini. Nilipomaliza alisema: "Soma tena pale pa lazima." Nikasoma tena. Groupe ilikuwa imezimwa ili kuokoa mazuti, na nje mtu alikuwa anajadiliana bei ya kadi ya simu. "Uliniambia objectif," alisema. Sauti yake haikupanda. Nilifungua mdomo kusema kwamba nilikosea, kwamba Kiingereza ni kigumu, nikaona kwamba anajua nitakachosema, nikaufunga. Alichukua kitambaa akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Aliifuta yote, toka mashine hadi mlango, akarudi akaanza upya. Nikasema: "Yaya." Akasema: "Nenda ukale. Saa yako ya kula imefika." Nilikwenda. Nilisimama nyuma ya duka karibu na mfereji, sikula.

Walikuja mwishoni mwa mwezi, Monsieur Hubert na mafundi wawili. Yeye alikuwa na huzuni ya kweli, nadhani, na alikwepa kunitazama. Mashine walikuwa wameipangia bei isiyotosha kulipa deni la mzigo wa mwisho. Viti vilikuwa vyetu, lakini jina lililochapwa mgongoni halikuwa letu, na barua ilisema liondolewe. Ya Odile alinunua nyembe, akaketi sakafuni, akakwangua kiti kimoja kimoja siku mbili nzima. Nikasogea na wembe wangu. Hakunifukuza wala hakunisogezea kiti. Nilichukua cha upande wa pili. Siku ya pili mashemeki wa Lukafu wakafika, sijui nani aliwaambia. Walisimama mlangoni wakitazama mahali palipokuwa na mashine, mabomba yakitoka ukutani. Mkubwa wao akasema, si kwa Ya Odile bali kwa dada yake, kwa sauti ya mtu anayetoa habari: "Feza ya ndugu yetu iliyeyuka." Hawakurudi tena mwisho wa mwezi, wala mwezi wowote. Ya Odile alipata alichokitaka, kwa namna hiyo.

Alirudi kwenye cherehani. Mimi nilibaki chumba cha nyuma wiki tatu zaidi, na kwa wiki tatu alinipikia, akaniwekea sahani, akanilazimisha kukaa, akasimama yeye. Alizungumza nami kuhusu chumvi, mvua, bei ya uzi. Ningependelea anitukane. Nilisubiri matusi yake kila siku kama mtu anayesubiri basi, na hayakuja, na mwishowe nikapata kazi katika hoteli ya Likasi nikafunga sanduku. Alinisindikiza mpaka kona. "Utuandikie," alisema, kama angemwambia mtu yeyote.

Miaka iliyofuata nilisoma tena, nikawa mtafsiri wa mikataba, ofisi ya vyumba viwili hapa Lubumbashi. Wateja hulalamika kwamba nachukua muda mrefu. Tulionana na Ya Odile kwenye misa, kwenye ndoa, mara nyingine nilipeleka kitambaa anishonee, akanipimia kiuno kwa mikono ile ile. Mwaka ule hatukuutaja. Kisha, miezi minne iliyopita, alikuja ofisini bila kupiga simu, amekonda, amebeba bahasha ya hospitali ya Ndola ambako mpwa wake alikuwa amempeleka. Daktari alizungumza naye kwa Kiingereza kupitia muuguzi, na muuguzi, alisema, alikuwa na huruma kupita kiasi. Aliketi. Aliweka karatasi mezani. "Soma yote," alisema. "Hata yenye mubaya."

Nikasoma. Nilisoma jina la ugonjwa, mahali ulipofika, na sentensi ambamo daktari aliandika kwamba upasuaji hautasaidia. Nilisoma taratibu. Palipokuwa na neno lenye maana mbili nilimpa zote mbili na nikamwambia daktari alikusudia ipi. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Nilipofika mwisho alirudisha karatasi ndani ya bahasha, akalamba ukingo, akaufunga, ingawa haukuhitaji kufungwa. Ndipo nikamwambia. Nilimwambia Jumapili ile, kifungu kile, wiki sita za kusini, karatasi chini ya sanduku la vijiko, yote, bila kuomba chochote.

"Nilisikia," alisema. "Ile siku ulisoma mbio. Miye ni mushonaji, mudogo, minasikia mashine ikiruka uzi." Aliigeuza bahasha mikononi. "Na miye nilitaka usome mbio. Nilisha kuchoka na bale bantu ya Lukafu." Nilianza kulia, akaniacha nilie bila kunishika. "Lakini nilikukasirikia," aliendelea. "Myaka mingi. Hata kama na miye nilitaka. Nilikuwa nakupikia, na nilikuwa na kasirani." "Na sasa?" nilimuuliza. Alifikiri kwa kweli, sikuona akitafuta neno la kunifariji. "Sasa iko kidogo," alisema. "Haijaisha."

Nilitaka kumwitia taksi akakataa. Nilishuka naye ngazi, nikamshika mkono kwenye kuvuka barabara, na upande wa pili akauchukua mkono wake. Alisema asichelewe, kuna mtu anakuja kwa gauni Jumamosi na pindo bado halijaanza. Akaweka bahasha kwapani, akashika njia ya Kamalondo kwa miguu.